Mlima Kabla ya Jina

Sharika nyingi za Kanisa letu zina urafiki wa miaka mingi na sharika za Marekani. Wao huja kwetu, nasi kwa zamu hualikwa kwao. Wakija, huabudu pamoja nasi, hutembelea shule na zahanati, na kabla ya kuondoka hupelekwa Ngorongoro au Serengeti, maana si vizuri mgeni atoke mbali kiasi hicho arudi bila kumwona tembo. Tukienda kwao utaratibu ni uleule: ibada, vikao, chakula cha pamoja katika ukumbi wa kanisa, kisha siku za mwisho tunatembezwa. Katika taarifa kwa halmashauri sehemu hii huandikwa kwa mstari mmoja: "Wajumbe pia walipata nafasi ya kuona vivutio." Tumeona mstari huo hautoshi. Katika safari tunayoisimulia hapa, vikao vilitupa tuliyoyatarajia. Vivutio ndivyo vilivyotugombanisha, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa imani.

Tulikuwa sita: wachungaji wawili, mwinjilisti, mama mwenyekiti wa wanawake wa jimbo, mzee wa kanisa ambaye ni mwalimu mstaafu, na kijana wa kwaya. Wote tunatoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wenyeji wetu, mchungaji mstaafu na mkewe, walitupakia katika gari la viti kumi na viwili, na mwishoni mwa Juni wakatutoa Minnesota kuelekea magharibi. Tulipaswa kuvuka South Dakota na Wyoming, tufike hifadhi ya Yellowstone, kisha turudi.

Kituo cha kwanza kilikuwa St. Peter, mji mdogo penye Chuo cha Gustavus Adolphus, kilichoanzishwa na Walutheri wahamiaji kutoka Sweden. Hapo alifundisha Mchungaji Richard Reusch baada ya miaka yake mingi Tanganyika. Wazee wa kwetu humkumbuka kama mmisionari aliyepanda mlima mara nyingi kupita kiasi, na kreta iliyo juu ya Kibo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Ni jambo la ajabu kidogo kusafiri nusu ya dunia ukakutana na mtu wa mlima wako. Mwalimu alifurahi, halafu akanyamaza, halafu akaanza hesabu. Kilele cha Kibo kiliitwa kwa jina la Mfalme Wilhelm wa Ujerumani tangu Hans Meyer alipofika juu mwaka 1889. Mwaka 1961 kikaitwa Uhuru. Kreta ni ya Reusch. "Kila aliyefika," alisema Mwalimu, "aliukuta mlima kama mtoto asiyebatizwa." Tukacheka, lakini mazungumzo ya majina yakawa yameanza, na hayakutuacha safari nzima.

Kilomita kama ishirini kutoka hapo ni Mankato. Si mahali pa mandhari. Ni bustani ndogo katikati ya mji, yenye sanamu ya nyati na bamba lililoandikwa majina thelathini na nane. Tarehe 26 Desemba 1862, siku moja baada ya Krismasi, wanaume 38 wa kabila la Dakota walinyongwa hapo kwa pamoja. Hakuna siku nyingine katika historia ya Marekani ambayo serikali imewanyonga watu wengi namna hiyo kwa mara moja. Ilikuwa baada ya vita vilivyoanza wakati malipo ya mikataba yalipochelewa na watu wakawa na njaa. Vita vile viliua pia mamia ya walowezi. Mahakama ya kijeshi ilikuwa imewahukumu kifo watu zaidi ya 300. Majalada yalipelekwa kwa Rais, naye akayapitia moja moja, akawaondoa wengi, akaidhinisha waliobaki. Rais huyo alikuwa Abraham Lincoln.

Sisi tulilelewa na Lincoln mwingine, yule wa kuwaweka watumwa huru. Kijana wetu aliuliza kama ni mtu yuleyule. Ni yuleyule, na tangazo lake la uhuru wa watumwa lilianza kazi tarehe 1 Januari 1863, siku sita tu baada ya Mankato. Walutheri tuna maneno ya jambo hili, tunayafundisha kila mwaka katika somo la kuhesabiwa haki: mtu ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Katika darasa la chuo maneno hayo hayana uzito. Pale bustanini tulisoma majina ya kigeni kwa sauti ya chini, tukiyakosea matamshi, na fundisho likawa na tarehe mbili zinazokaribiana mno.

Kutoka hapo barabara kuu inanyooka kwenda magharibi, na inanyooka kweli. Ukivuka mto Missouri nchi inafunguka, nyasi tupu, na anga kubwa kuliko tulivyozoea sisi wa migombani. Kwa saa nyingi kitu pekee cha kusoma ni mabango ya duka moja liitwalo Wall Drug. Ni duka la dawa katika mji mdogo wa Wall. Mfamasia aliyelinunua mwaka 1931 hakupata wateja, mpaka mkewe alipopata wazo la kusimamisha mabango barabarani: maji ya barafu, bure. Wasafiri wakaanza kusimama, na mpaka leo wanasimama kwa maelfu, maji bado ni bure na kahawa ni senti tano. Mama Mwenyekiti aliyahesabu mabango hadi akachoka. "Na sisi tuna maji ya bure," alisema, "tena ya uzima. Mabango yetu yako wapi?" Wachungaji wawili tukatazama nje ya dirisha.

Karibu na Wall nyasi zinakatika ghafla na ardhi inaporomoka. Hii ndiyo Badlands: makorongo, minara na kuta za udongo na mawe laini, zenye mistari ya rangi ya waridi, njano na kijivu, tabaka juu ya tabaka, mpaka macho yanapoishia. Mvua inaila nchi hiyo kila mwaka kwa kiasi cha sentimita mbili na nusu, na ndani ya kuta hizo wanasayansi wanachimbua mifupa ya farasi wenye vidole vitatu na ya wanyama waliofanana na vifaru. Waliowahi kusimama Oldupai wataelewa. Hapo hatukubishana. Tulisimama ukingoni jua likishuka, rangi zikabadilika tunaziangalia, na kijana akaanza utenzi wa kusifu uumbaji bila kuambiwa. Tukaitikia kwa sauti nne. Watalii wengine waliweka simu zao chini wakasikiliza.

Jina Badlands, yaani nchi mbaya, wazungu hawakulibuni. Walakota, wenyeji wa eneo hilo, waliiita Mako Sica, na maana yake ni hiyohiyo: nchi mbaya, isiyo na maji, ngumu kupita. Mwalimu aliandika katika daftari lake kwamba hapa jina limetafsiriwa sawasawa. Alikuwa ameanza kuweka alama, kama mtihani.

Siku iliyofuata tukaingia milima ya Black Hills. Ni milima ya misunobari, na kwa mbali inaonekana myeusi, ndiyo maana Walakota huiita kwa jina lenye maana hiyo hiyo. Kwao ni mahali patakatifu. Katikati yake kuna Mount Rushmore, picha inayojulikana hata na mtoto wa shule ya msingi kwetu: nyuso nne za marais, Washington, Jefferson, Theodore Roosevelt na Lincoln, zimechongwa katika jabali, kila uso wenye kimo cha mita 18. Mchongaji Gutzon Borglum alianza mwaka 1927, kazi ikasimama mwaka 1941, na sehemu kubwa ya mwamba uliondolewa kwa baruti. Karibu wafanyakazi 400 walining'inia kwa kamba juu ya jabali lile, na hakuna hata mmoja aliyekufa kazini. Tunataja hilo kwa sababu linastahili kutajwa. Kazi ni ya kustaajabisha. Asiyesema hivyo hajasimama pale.

Tulikuwa tumeombwa kuongoza ibada fupi ya asubuhi kwenye sehemu ya kutazamia. Mchungaji mwenzetu alikuwa amechagua Zaburi ya 121 tangu nyumbani, kwa sababu ni zaburi ya milima, nayo inatupendeza sana sisi tunaoishi chini ya mlima. Lakini zaburi hiyo ukiisoma vizuri haisifu milima. Inainua macho kwenye milima na kuuliza msaada utatoka wapi, kisha inajibu kwa kumtaja aliyeiumba. Basi tuliinua macho, tukakutana na nyuso nne zinazotazama juu ya vichwa vyetu.

Mwalimu alitaka kujua mlima huo uliitwaje kabla. Mwenyeji wetu alikuwa amejiandaa. Walakota waliuita Mababu Sita. Jina la sasa ni la Charles Rushmore, mwanasheria wa New York aliyefika mwaka 1885 kwa shughuli za madini. Inasimuliwa kwamba aliuliza mlima ule una jina gani, akajibiwa hauna, basi na uitwe kwa jina lake. Mama Mwenyekiti akauliza aliyemjibu alikuwa Mlakota? Hapana, hakuwa Mlakota.

Kisha mwenyeji akatueleza habari ya mkataba, nasi tutaifupisha. Mwaka 1868, katika mkataba wa Fort Laramie, serikali ya Marekani ilikubali kwamba Black Hills ni mali ya Walakota na ndugu zao. Mwaka 1874 jeshi lilitangaza kuwa kuna dhahabu. Mwaka 1877 milima ikachukuliwa. Watu wale hawakuacha kudai, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba walinyang'anywa bila haki, wakapewa fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Fedha hizo hawakuzichukua. Zimekaa katika akaunti, riba imezaa riba, sasa zimepita dola bilioni moja, na bado hawazichukui, ingawa maeneo wanayoishi ni miongoni mwa sehemu maskini kabisa za nchi hiyo tajiri.

Kijana wetu hakuelewa. Bilioni moja! Mwinjilisti naye alisema huo ni ukaidi. Mtoto mwenye njaa hali mlima. Mwalimu akamgeukia, akamwuliza kwa Kichagga, halafu kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Kihamba alichozikwa baba yako utakiuza shilingi ngapi?" Msomaji asiyetoka kwetu ajue kwamba kihamba ni shamba la nyumbani, lenye migomba na kahawa na makaburi ya wazee, na familia hukirithishana. Watu hukigawa mpaka kinakuwa kama leso, wanagombana juu yake hadi mahakamani, lakini kukitoa kwa mtu wa nje ni kama kuutoa ukoo. Mwinjilisti hakujibu. Ni mtu wa kihamba pia.

Mkutano Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani, mwaka 2016, ulilikataa rasmi fundisho la kale lililosema kwamba Mkristo akiivumbua nchi ya wasio Wakristo, nchi inakuwa yake. Mwenyeji alitutajia hilo kwa unyenyekevu, akijua kwamba azimio la mkutano halirudishi mlima. Sisi tulikumbuka Luther huko Heidelberg mwaka 1518, alipotofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba. Wa kwanza huita kibaya chema na chema kibaya. Wa pili hukiita kitu jinsi kilivyo. Kila mwaka tunasahihisha mitihani yenye swali hilo, na wanafunzi hujibu vizuri. Sasa hebu tuone: jabali la mababu wa watu, lililochukuliwa kinyume cha mkataba, likachongwa nyuso za wakuu wa waliolichukua, kwa ustadi mkubwa, na mamilioni wanakuja kulitazama kwa moyo safi. Kiite jinsi kilivyo. Neno moja halitoshi, na kila ulichagualo linaacha kitu nje.

Mama Mwenyekiti ndiye aliyefunga ibada kwa sala. Alishukuru kwa wenyeji wetu na kwa safari, akashukuru kwa mawe na miti, kisha akasema, "Na wenye mlima, Bwana, uwakumbuke." Mke wa mwenyeji, tuliyekuwa tukimtafsiria, aliomba tulirudie neno hilo la mwisho.

Tulidhani tumemaliza. Kumbe ugomvi wenyewe ulikuwa mbele, Wyoming, kwenye jabali liitwalo Devils Tower, yaani Mnara wa Shetani. Linasimama peke yake juu ya uwanda, kimo cha mita 264 kutoka kitako chake hadi kilele, na ubavuni lina nguzo za mawe zilizopangana kama fito za ukuta. Theodore Roosevelt alilitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1906, la kwanza kabisa nchini. (Roosevelt huyohuyo alifika Kenya mwaka 1909, na katika safari ile ya kuwinda yeye na mwanawe walipiga wanyama zaidi ya 500. Ukitaka mfano mwingine wa somo la Mankato, huo hapo.) Makabila ya huko husimulia kwamba nguzo zile ni alama za makucha ya dubu mkubwa aliyewafukuza watoto, na mwamba ukainuka ukawaokoa. Walakota huliita Nyumba ya Dubu. Jina la Shetani lilitokana na msafara wa Kanali Dodge mwaka 1875, na kinachoelekea kutokea ni kwamba mkalimani alitafsiri vibaya. Mwalimu akachora alama ya kosa katika daftari.

Njia inazunguka kitako cha jabali katikati ya misunobari, na juu ya matawi kuna vitambaa vimefungwa, vyekundu, vyeupe, vya njano, vingine vimepauka kwa jua. Kibao kinamwomba mgeni asiviguse wala kuvipiga picha kwa sababu ni sala za watu. Vilevile, tangu mwaka 1995, wapanda miamba wanaombwa kwa hiari yao wasipande mwezi wa Juni, mwezi wa ibada za wenyeji. Tulikuwa bado katika Juni.

Mwinjilisti alisimama. "Haya ni matambiko," alisema. Hakusema kwa ukali. Amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Amekaa usiku na familia zilizoogopa kulala kwa sababu deni la mababu halijalipwa, amezika watoto waliopelekwa kwa mganga kabla ya hospitali, ameshika mikono ya watu walipokata hirizi. Anajua kitambaa kilichofungwa mtini kinaweza kumfunga nani. "Nyumbani ningemwambia Mkristo aondoke hapa. Kwa nini Marekani nivue kofia?"

Tuliendelea ndani ya gari, kwa siku nzima ya kuvuka Wyoming, na wenyeji wetu wakisikia Kiswahili kikipanda na kushuka bila kujua kama tutafika salama. Mchungaji mwenzetu alimleta Paulo katika Athene, aliyetembea akiziangalia madhabahu kwanza ndipo akasema. Mwinjilisti akajibu kwamba Paulo hakuishia kuangalia, alihubiri. Kweli. Mwalimu akaleta jambo la karibu zaidi: sisi tunapoimba kwa Kichagga tunamwita Mungu Ruwa, na jina hilo wamisionari wa Leipzig walilikuta kwetu. Hawakuja nalo. Walilichukua wakalitia katika ibada na katika Agano Jipya. Walakota Wakristo vilevile humwomba Baba wa Yesu kwa jina la Wakan Tanka, ambalo babu zao walilitumia kabla ya kanisa lolote kujengwa. Kama jina la Mungu liliweza kutoka kwa mababu na kuingia kanisani, nani alikuwa na uhakika wa kutosha kuliita jabali lao la Shetani?

Mama Mwenyekiti alikuwa amenyamaza muda mrefu, akidhaniwa amelala. Akasema: "Yakobo je?" Ndoto ya ngazi, na jiwe, na mahali akapaita Betheli. Mwandishi wa Mwanzo, sura ya 28, hakuishia kutuambia jina jipya. Anatukumbusha kwamba mji ule hapo kwanza uliitwa Luzu. Tumehubiri habari hiyo mara ngapi, sisi wachungaji wawili, na hatukuwahi kusimama katika neno Luzu. Waisraeli walikuwa na haki yote ya kulisahau. Walilihifadhi ndani ya Maandiko, pembeni kabisa mwa mlango wa mbinguni.

Mwinjilisti alikubali Luzu. Vitambaa hakuvikubali. "Kuheshimu mahali pa mtu ni jambo moja," alisema. "Kuniambia sala zote ni sawa ni jambo jingine." Nasi hatukumwambia hivyo, kwa sababu hatuamini hivyo. Tulichomwambia ni kwamba kwanza mtu asikie anachokikanusha kinaitwaje na wenye nacho.

Yellowstone ni kubwa mno kusimuliwa hapa. Ardhi inatokota. Kuna mabwawa ya maji moto yenye rangi ya bluu katikati na chungwa pembeni, kuna harufu ya kiberiti, na kuna Old Faithful, yaani Mzee Mwaminifu, chemchemi inayorusha maji na mvuke angani mita 30 hadi 50 na zaidi. Ofisi inabandika saa ya mruko unaofuata. Watu wakakaa kwenye mabenchi, lugha za dunia nzima, na kijana wetu akatega saa. Huruka kila baada ya dakika tisini hivi, ila si kama saa ya ukutani: wahifadhi hupima mruko uliopita ulidumu muda gani, kwa maana ukiwa mfupi unaofuata huwahi, na ukiwa mrefu unaofuata hukawia. Zamani nafasi kati ya miruko ilikuwa fupi zaidi. Uaminifu wake, basi, ni wa kujulikana kwa kumfuatilia, na hata hivyo unaambiwa uongeze au upunguze dakika kumi. Wachungaji wawili tukatazamana. Hubiri lilikuwa limejiandika. Ilipopaa watu wote waliguna kwa lugha moja.

Na nyati. Walitufungia barabara kwa nusu saa, wakubwa, wenye manyoya mabegani, hawana habari na mtu. Walikuwa mamilioni kwa mamilioni katika mbuga zile tulizozivuka, wakawindwa hadi karne ya 19 ilipokwisha hawakufika elfu moja. Mwaka 1902 katika Yellowstone yote walibaki kama dazeni mbili tu. Waliozuia barabara siku ile ni uzao wa hao. Bila hifadhi tusingewaona. Hilo ni neno la haki kwa waliotia sahihi mwaka 1872, walipoifanya hifadhi ya taifa ya kwanza duniani.

Lakini watu walikuwa wakiishi humo. Washoshoni wa milimani waliowinda kondoo wa mwituni waliondolewa katika muongo uleule, na wakuu wa mwanzo wa hifadhi wakaeneza habari kwamba wenyeji hawakuwahi kukaa hapo kwa sababu waliziogopa chemchemi. Si kweli, ila ilifaa. Kijana wetu, ambaye nyumbani hufanya vibarua vya kuongoza watalii, alisikiliza maelezo hayo hadi mwisho, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Serengeti." Wageni wakimwuliza maana ya jina hilo huwajibu kwamba ni neno la Kimaasai, uwanda usio na mwisho. Wanapenda sana jibu hilo. Hakuna aliyewahi kumwuliza Wamaasai waliolitoa wako wapi, nalo jibu lipo: mwaka 1959 walihamishwa ndani ya Serengeti wakapelekwa upande wa Ngorongoro. Yaliyofuata huko Ngorongoro hadi siku hizi msomaji anayajua, tena baadhi ya wasomaji wa kitabu hiki wanayajua kuliko sisi. Kijana aliuliza kama ataongeza sentensi hiyo moja katika maelezo yake, watalii watapunguza bakshishi? Mama Mwenyekiti alimwambia aijaribu.

Tulirudi kwa njia ya Black Hills, kwa sababu mwenyeji wetu alikuwa na kitu cha kumwonyesha Mwinjilisti hasa. Ni kilele kirefu kuliko vyote South Dakota, chenye takriban mita 2,200, ambacho kwa sisi wa Kilimanjaro ni matembezi ya baada ya chai. Zamani kiliitwa Harney, jina la jenerali ambaye askari wake waliwaua wanawake na watoto wa Kilakota mwaka 1855. Mwaka 2016 kilipewa jina la Black Elk. Huyu alikuwa Mlakota mwonaji wa maono. Desemba 1890, akiwa kijana, alifika Wounded Knee siku jeshi lilipowaua watu wake, wengi wao wanawake na watoto. Majeruhi walipelekwa katika kanisa la jirani lililokuwa bado limepambwa kwa Krismasi. Madawati yaling'olewa, wakalazwa kwenye majani makavu chini ya mapambo. Mtu aliyeyaona hayo, mwaka 1904 alibatizwa, akawa katekista wa Kanisa Katoliki, akafundisha watu wake Injili kwa miaka mingi kwa lugha yao. Mambo ya mababu zake hakuyatupa yote, na wasomi bado wanabishana alikuwa nani zaidi. Tangu mwaka 2017 Kanisa lake linachunguza kama atangazwe mtakatifu.

Mwinjilisti alisikiliza habari hii yote njiani akipanda, bila kusema neno. Huko juu kuna nyumba ya mawe iliyojengwa zamani kwa kuangalia moto wa msituni, na pembeni yake, kwenye matawi, vitambaa: vyekundu, vyeupe, vya njano. Alivitazama muda mrefu. Hakuvigusa.

"Katekista mwenye mlima," alisema mwishowe. "Sisi hata nyumba ya kukaa tunaahidiwa kila bajeti." Wachungaji wawili tulicheka kuliko ilivyotupasa. Kisha akaketi kwenye jiwe, akavua kofia akaiweka gotini, akamwomba mwenyeji wetu amfundishe kutamka Wakan Tanka. Mwenyeji alisema yeye hulitamka vibaya. Wakajaribu wote wawili mara kadhaa. Mawingu ya mchana yalikuwa yanajikusanya upande wa magharibi, na kule radi haina mchezo, kwa hiyo tulianza kushuka. Suala la vitambaa tulilibishania tena kabla ya kufika kwenye gari.